Chumvi yenye haukukula

Baba Monga, bwana yangu, weye mwenye ulitangulia kulala na ukaniachia blanketi yote,

Nakuandikia niko inje, pa kiti yako, ile yenye muguu moja iko fupi. Usiulize nani ananisaidia kuandika. Ni miye mwenyewe. Unajua kama masomo sikuiona. Baba yangu alisemaka mutoto mwanamuke akijua kuandika ataandikia banaume. Na alikuwa na haki, angalia sasa. Hizi herufi niliziiba ku foyer ya kufundisha bamama, wakati bamama bengine balikuwa banajifunza kufuma chaussettes, soksi za batoto. Miye nilifuma chaussette moja tu, na mupaka leo mutoto yetu Monga anangojea ya pili. Lakini kuandika nilitoka nayo.

Na barua hii haiko ya siri. Siku ya ine ya juma nitaisoma kwa sauti mbele ya bamama ba kanisa, na jirani yetu Mama Chantal atasikiliza nyuma ya ukuta ya lupango, juu yeye anasikilizaka kila kintu. Muache asikilize. Atajua kama Katuba haijaona tena mwanaume sawa weye, na haitaona, juu mwenye alikuchagua njo miye.

Unakumbuka mwezi yangu? Najua unakumbuka. Bamama bengine tumbo inabaluma siku moja, banakunywa chai ya majani ya sinda, inaisha. Yangu ilikuya na mizigo yake yote, sawa mujomba ya ku kijiji mwenye kufika bila kuitwa: anaikala siku ine, anakula byote, anaenda bila kuaga. Hakuna mwanamuke mu avenue yetu mwenye aliluma meno kunipita. Nilijikunja pa mukeka, nikaweka pa tumbo tofali ya moto yenye kufungwa mu kitambaa, na nikiwa pale chini nilipika, nilifukuza kuku ya bantu, na nilitukana muchuuzi ya makala ya kupikia mwenye alitaka kunidanganya kipimo. Weye uliambia rafiki zako, «Muke yangu akiwa mugonjwa njo anakuwa bantu babili.»

Na kwetu, mwanamuke akiwa mu mwezi haweki chumvi mu mboga. Kupika anapika, mayi anachota, lakini chumvi mutu mwingine njo anaweka. Mama yangu alinifundisha vile, na yeye mama yake alimufundisha vile, hakuna mwenye aliuliza juu ya nini. Mu nyumba zingine mutoto njo anaweka. Shiye hatukuwa bado na batoto, basi weye njo uliweka.

Sasa nikuambie kweli, juu hauwezi tena kukasirika. Mukono yako ilikuwa ya mutu wa reli. Ulizoea kutupa makala mu moto ya machine ya treni na koleo, na chumvi uliitupa vile vile. Kisha uliikala mbele yangu, ukaniangalia.

«Mwadi, iko muzuri?»

«Iko muzuri.»

Na machozi mu macho. Ulifikiri ni tumbo njo ilikuwa inaniliza.

Kisha treni ilikubeba. Njia ya Ilebo, juma mbili, juma tatu, siku ingine mwezi muzima. Mwezi ya kwanza bila weye, tumbo ilikuya nikiwa miye peke yangu mu nyumba. Nilipika matembele, nikaangalia chumvi pa meza, chumvi ikaniangalia. Ningeweza kuita Mama Chantal, lakini wakati ule tulikuwa hatusalimiane, juu ya ile kuku. Nilikula bila chumvi siku ine. Ulirudi, uliweka sac yako ya safari chini, na kintu ya kwanza uliniuliza haikuwa habari ya nyumba.

«Nani aliweka chumvi?»

«Hakuna mutu.»

Ulivua viatu tu, ukaenda kuoga. Nilisema mu roho, huyu mwanaume niliolewa naye bule, moyo yake iko ya chuma sawa machine yake.

Nyuma ya siku mbili njo ulinifundisha ile mambo ya uzi. Miye nilikuwa natuma kila mara kamufuko ka unga na samaki ya kukauka, banaume ba treni yenye kupanda banakupelekea. Ulisema, «Ku fundo ya mufuko, funga uzi. Siku za kawaida, mweupe. Siku zako, mwekundu.» Nikakuuliza, utafanya nini na uzi mwekundu, utaila? Ulijibu, «Funga tu.»

Nikafunga mwekundu. Mufuko ikaenda, ikarudi bila unga. Mu kati, chini kabisa, kulikuwa kakaratasi ka kung’ara, ka paketi ya sigara, kamekunjwa muzuri. Nikakafungula. Chumvi. Kidogo, sawa ya mutu moja, ya siku ine.

Nikakasirika. Nilisema, huyu mutu anafikiri niko masikini, ananitumia chumvi kutoka Kamina, kule pa njia ya treni.

Mwenye alinifasiria ni Kasongo, chauffeur ya treni yenu. Alikuya hapa asubuyi moja, na njaa mu uso.

«Mama, bwana yako iko na ugonjwa gani?»

«Ugonjwa? Hana ugonjwa.»

«Tunapika kwa zamu. Zamu yake ikifika, siku zingine anatupikia bila chumvi. Nikimuuliza anasema docteur alikataza.»

«Docteur gani?»

«Na miye nilimuuliza vile. Docteur gani anakataza chumvi ku bantu bane, siku ine, kila mwezi? Ananiambia, docteur yangu iko Katuba.»

Baba Monga, nilisimama pale na mufagio mu mukono, na nilikosa neno. Miye, Mwadi, nilikosa neno. Kasongo iko na bahati, aliona kintu yenye bantu habajaona tena mupaka leo. Ulirudi, nikakuonyesha kakaratasi. Ulisema hii tu, «Ile ni chumvi yenye sikukula. Weye ulikula bila, na miye nikule bila. Tuikale sawasawa.» Kisha ukauliza kama kuko mayi ya kuoga.

Tangu ile siku tumbo iliendelea kuniluma, sitaki kudanganya bamama ba kanisa. Haikupunguka hata kidogo. Lakini nilikuwa nalala pa mukeka na tofali yangu, nafikiri bantu bane pa treni banakula bukari, ile ugali, bila chumvi juu yangu, bengine batatu habajui hata juu ya nini, na nilicheka. Kucheka na tumbo yenye kuluma iko mubaya sana. Nilicheka tu.

Miye njo niliongeza ile habari ya mulima, kama siku moja treni yenyewe ilikataa kupanda juu bantu yake balikosa nguvu ya chumvi. Weye haukujua kudanganya. Lakini nimeisimulia miaka mingi, na sasa batoto yetu banaapa kama baliisikia ku kinywa yako.

Sasa nikuelezee mujukulu yako Dorcas, ule mwenye ulimuita «muke yangu mudogo» mupaka nikawa na wivu ya kweli. Iko mukubwa. Anafundisha batoto badogo ba maternelle kule Makomeno, anaimba nabo siku nzima, anarudi hapa bila sauti. Iko na sura yako. Tumbo iko nayo yangu. Ningempatia kintu ingine, nilikuwa na meno muzuri, lakini yeye alichagua tumbo.

Na iko na muchumba, Trésor. Bazazi yake balitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa. Soudeur, fundi ya kuunganisha chuma, mutoto mwenye heshima, ananisalimia na mikono mbili. Kazi yake iko Kolwezi, anarudi mara moja nyuma ya miezi mbili. Alimuachia Dorcas telefone, ya kisasa, yenye kuonyesha sura. Siku za tumbo, Trésor anaita akitoka kazi, na Dorcas analala pale kwenye nililalaka miye, chupa ya mayi ya moto pa tumbo, telefone pa sikio, na habasemi kintu. Siku moja miye kambo, bibi yake, nilimuuliza.

«Anakuambia nini mule?»

«Hakuna kintu, Kambo. Anahema tu.»

«Anatoka Kolwezi anakuhemea? Hapa hewa iliisha?»

Akacheka. Lakini niliona kama Trésor hakati telefone hata Dorcas akishalala usingizi. Na miye nilijua ile ni nini. Ile ni uzi mwekundu.

Mwezi yenye ilipita, Dorcas alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki ya kukauka amutumie Trésor na minibus ya asubuyi. Ilikuwa siku yake ya kwanza. Kwa kawaida chumvi naweka miye. Lakini ile siku nilikuwa ku matanga ya dada ya Kasongo, na unajua matanga bila miye haina mutu wa kuilizisha ao kuichekesha. Dorcas akapika, akangoja, minibus haingoji. Akafunga sufuria vile, na ikaenda Kolwezi bila chumvi. Alifikiri Trésor anajua. Hakujua. Ku kwabo hakuna mwenye alimuelezea, na Dorcas aliona haya kusema.

Trésor akaifungula pa kazi, mbele ya rafiki zake, ndiyo kiburi ya mwanaume mwenye kupikiwa. Bakaonja. Akamutumia Dorcas sauti, «Chérie, sombe iko muzuri, lakini chumvi uliisahau. Ao kuko mwingine kule, chumvi unamuwekea yeye?» Na nyuma yake banaume banacheka.

Nilirudi ku matanga nikakuta mutoto amejikunja pa mukeka, uso ku ukuta. Chupa ilikuwa imepoa. Alinisikilizisha ile sauti mara moja, kisha akazima telefone, akaifunga mu kitambaa yake ya kichwa, fundo mbili.

«Kambo, kesho pitisha hii ku agence ya minibus. Irudi Kolwezi.»

«Telefone tu?»

«Telefone, na maneno yetu yote.»

«Na miye nibakie bila bwana? Ule kijana ni bwana yangu vilevile.»

«Kambo, sicheki.»

Na hakuwa anacheka. Nilimuangalia, nikaona hii haiko hasira ya chumvi. Mutoto iko na maumivu, iko peke yake, na mutu mwenye anamuhemea mu sikio alimucheka mbele ya bantu, ile siku yenyewe. Telefone ikifika Kolwezi imefungwa vile, Trésor hatakuya tena hapa. Ni mutoto mwenye haya, angefikiri tulimufukuza. Na miye niliona kosa yangu. Nilimufundisha Dorcas asiweke chumvi. Sikumufundisha kama lazima mwanaume ajue juu ya nini. Weye ulijua bila miye kukufundisha, na nilifikiri banaume bote njo beko vile. Niliishi na mwanaume moja tu, nikafikiri najua banaume.

Asubuyi nilimupeleka kwanza ku centre de santé, pa kutunza bagonjwa. Infirmière, muuguzi ya pale, kamwanamuke kadogo lakini kenye sauti, akamupatia vidonge, akamuambia akunywe mapema, pamoja na chakula, asingoje tumbo imuangushe kwanza, na damu ikipita kipimo ao maumivu ikizidi, arudi baangalie muzuri. Nikamuuliza, na hii dawa ilikuwako wakati yangu? Akasema pengine. Baba Monga, miaka yote ile niliikala nafikiri kuvumilia banapatiaka médaille.

Kisha nikabeba telefone, nikaenda ku agence. Kijana ya pale akanyoosha mukono, «Colis ya kutuma, Mama?» Nikamuambia angoje. Nikaikala pa benchi, nikatoa kale katelefone kangu ka mabutoni, nikaita Kolwezi.

«Allô, Kambo?»

«Usiniite Kambo. Niite muke yako ya kwanza, juu ya pili iko karibu kukimbia.»

«Kambo, Dorcas iko wapi? Tangu jana naita, nabipa, haipite.»

«Telefone iko pa mapaja yangu, imefungwa sawa maiti. Inangoja minibus.»

Nikasikia banagonga chuma kule nyuma.

«Nilifanya nini?»

«Ulikula.»

«Nilikula, ndiyo.»

«Ungefunga kinywa pale.»

Nikamuelezea. Chumvi, mwezi, mama yangu, mama ya mama yangu. Alikuwa anasema tu, «Ah. Ah.» Sawa mutu mwenye anatolewa mwiba. Kisha akasema na sauti ya chini, «Hakuniambia.» Nikamujibu, «Angekuambia ginsi gani, na bale bote banacheka?» Akauliza afanye nini. Akuye? Chef hamuachilie. Atume zawadi?

Sikumuambia afanye nini. Mapendo yenye kuagizwa haina ladha. Nilimusimulia tu habari yako. Uzi, kakaratasi, Kasongo na njaa yake, mulima na treni yote. Kijana ya agence aliacha colis ya bantu, akasikiliza. Minibus ya Kolwezi ikajaa, ikaenda, hakuna mwenye alijali. Niliporudisha telefone mu sac, kijana akaniuliza, «Na mulima, balipanda?» Nikamuambia, kesho.

Ku nyumba Dorcas akauliza neno moja tu, «Ilienda?»

«Nilifika ku agence,» nikasema. Na ile haikuwa uongo.

Nikaiweka telefone chini ya muto yangu. Siku ine, Baba Monga. Weye unanijua, siri mu kinywa yangu inaoza nyuma ya saa moja. Siku ine nililala pa ile siri na shingo ikaniluma. Dorcas hakuuliza tena. Alienda Makomeno, akarudi, akakunywa dawa yake vile infirmière alisema, na tumbo ikapunguka, haikuisha lakini ikapunguka. Alisema imepunguka. Lakini kila motokari ikipita pa mulango, kichwa yake ilipanda. Kisha ilishuka.

Siku ya tano, saa sita, kijana ya agence akakuya yeye mwenyewe na miguu. Alibeba sufuria yetu, imesafishwa mupaka inang’ara. Kifuniko ilikuwa imefungwa na kamba ya umeme, ile nyembamba. Nyekundu.

Dorcas hakuelewa. Miye niliona ile rangi, nikamuambia afungule.

Akafungula. Mu kati hakukuwa kintu, ila karatasi ya daftari yenye kukunjwa. Akaikunjula juu ya meza, chumvi ikamwangika kidogo. Na ku karatasi Trésor aliandika. Dorcas alisoma kwa sauti, juu alifikiri sijui kusoma maandiko ya soudeur:

«Chumvi ya siku ine. Sikuikula. Zamu ya kupika ilikuwa yangu, na benzangu banataka kunipiga. Samahani juu ya kucheka.»

Alicheka. Kisha alilia. Kisha alicheka tena, na kamasi, vibaya kabisa, sawa weye siku ya ndoa yetu. Kijana ya agence alikuwa angali pa mulango, akaniuliza pole pole kama njo ule mambo ya treni. Nikamuambia njo ule.

«Kambo,» Dorcas akasema, «telefone ilishafika kwake?»

«Iko njiani.»

Nikaingia mu chumba, nikatoka nayo. Aliangalia kitambaa yake, fundo zake mbili bado vile alizifunga.

«Njia fupi,» akasema.

«Niko muzee. Natembeaka pole.»

Aliita. Habakusema kintu mingi. Nilimusikia anahema, na ile ingine inahema kule Kolwezi, nikaenda zangu ku mbabula, jiko yangu ya makala, juu moto ilikuwa inazima.

Sasa, Baba Monga, kuko kintu yenye sikukuambiaka. Nilikuwa nayo miaka yote, hata pale pa kitanda yako ya mwisho nilifungula kinywa nikaifunga. Mwezi yangu ilipokoma kabisa, weye ulikuwa bado mu reli. Sikukuambia. Miezi mitatu nilifunga uzi mwekundu ya uongo. Miezi mitatu ulikula bila chumvi bule, na bale masikini benzako pamoja na weye. Haiko juu ya tumbo. Tumbo ilikuwa kimya sawa kanisa siku ya kazi. Ni juu nilitaka bado kakaratasi. Kakaratasi ka mwisho sikukafungula. Kako mu kopo ya mabutoni ya nguo.

Nilifikiri utakasirika. Lakini nikifikiri tena, weye ulijua kuhesabu. Miaka yangu uliijua. Pengine ulijua tangu uzi ya kwanza, ukakula vile, ukanyamaza. Sawa vile ulinyamazaka siku zote. Kama ulijua, basi kwa uongo ulinipita, na hiyo njo mara moja tu.

Jana Dorcas alimaliza siku zake za mwezi hii, akapika sombe. Aliweka chumvi mwenyewe, ile ya Trésor, yote. Alipotoka kuita Mama Chantal, miye nikafungula kopo ya mabutoni. Kakaratasi kalishakuwa keupe, kung’ara kuliisha, lakini chumvi haiozi. Nikaimwanga mu sufuria, yote, sawa mukono yako ya reli.

Mama Chantal alionja, akasimama, akaenda ku robinet ya mayi bila kuaga. Dorcas aliniangalia, macho yamejaa mayi.

«Kambo, iko muzuri?»

«Iko muzuri,» nikasema.

Tulikula yote.

Lala muzuri, na usinibipe upesi. Trésor anakuya mwisho ya mwezi, na bado hajasikia ginsi treni ilipanda ule mulima.

Miye, muke yako wa uzi mwekundu